Kadi ya jumuiya, bahasha na jeneza la mama mkubwa: hivi nani anaruhusiwa kuzuia sakramenti?



Najua wengi mnaingia hapa kusoma mambo ya siasa na bei ya mafuta. Leo tuingie kanisani kidogo, tena Kanisa Katoliki, kwa sababu yanayofanyika huko nayo ni habari na yanagusa watu wengi. Wasio Wakatoliki msiondoke, ishu yenyewe ni ya hela na utu, mtaielewa tu.

Agosti 2024 alifariki mama mkubwa, dada yake mama yangu mzazi. Huyu mama alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, na kule kijijini alikuwa WAWATA wa kitenge kabisa. Miaka yake mitatu ya mwisho aliletwa mjini kwa binti yake. Kisukari kilimsumbua, mguu mmoja ukakatwa, akawa mtu wa ndani. Jumuiya ya mtaa ule haikumjua sura wala jina. Na binti yake, nisiwafiche, ni Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi.

Asubuhi ya msiba tukamfuata mwenyekiti wa jumuiya atuandikie barua ya kupeleka parokiani, maana bila barua ofisi haikupangii padre wa mazishi. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, akatupa pole, akafungua daftari. Jina la marehemu halimo. Jina la binti limo, ila mbele yake ni mistari mitupu: zaka hamna, ujenzi hamna, tegemeza jimbo hamna. Akapiga hesabu kwenye simu yake. Akasema, "Ni elfu sitini na tano, halafu barua mnapata."

Tukachomoa kwenye hela za rambirambi, tukalipa. Jioni padre akaja, akazika vizuri tu, mahubiri mazuri, hata akatuliza watu. Lakini mama yangu hajasahau mpaka leo. Hela ilipatikana, si ndiyo? Kinachomuuma ni kwamba dada yake amefika mbele ya altare kama mtu aliyelipiwa faini.

Sasa mimi ni mtu wa form four, siyo mwanateolojia. Nilichofanya ni kuingia kafe, kulipia masaa yangu na kuanza kusoma. Kanisa Katoliki lina kitabu chake cha sheria kilichotolewa mwaka 1983 na Papa Yohane Paulo II, kina kanuni 1752, na kipo bure kwenye tovuti ya Vatikani. Wengi hatujui hata kama kipo. Tunachojua ni "kwetu ndivyo tunavyofanya".

Nianze na mazishi maana ndiko nilikoumia. Kanuni ya 1184 inataja watu wanaonyimwa mazishi ya kanisa. Ni walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kupinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kanisani kungewakwaza waamini. Na hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Nimeisoma mara tatu nikitafuta sehemu iliyoandikwa "asiyelipa ujenzi". Haipo. Kinyume chake kanuni ya 1181 inaonya kwamba katika sadaka za mazishi kusiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili.

Hapo hapo nijibu swali ambalo huwa linaulizwa kwa kunong'ona misibani: aliyejiua je? Sheria ya zamani, ile ya mwaka 1917, iliwataja waliojiua kwa makusudi kati ya wasiozikwa kikanisa. Hii ya 1983 imeliondoa hilo kwenye orodha. Kwa hiyo ukisikia mtu anaiambia familia yenye msiba wa namna hiyo kwamba kanisa haliruhusu, ujue anatumia sheria iliyokufa zamani.

Lakini kilichonishtua zaidi ni suala la nani ni muumini wa wapi. Mwenyekiti alituambia "hatumtambui". Kumbe kwa sheria parokia ni eneo, siyo daftari. Mkatoliki akienda kuishi ndani ya mipaka ya parokia kwa nia ya kukaa angalau miezi 3, au akiwa amekaa hiyo miezi 3 kweli, paroko wa hapo ndiye paroko wake. Ni kanuni ya 102 na ya 107. Mama mkubwa alikaa mle ndani miaka mitatu. Alikuwa muumini wao huku amelala kitandani, kadi au bila kadi. Na kanuni ya 529 inamtaka paroko azitembelee familia na awe karibu na wagonjwa. Sasa hapo nani ana deni kwa nani? Nauliza tu.

Nisieleweke vibaya jamani. Mimi siyo mpinga jumuiya. Nimekulia humo, nimeimba nyimbo za jumuiya kabla sijajua kusoma. Jumuiya ndogo ndogo zilipata nguvu huku kwetu miaka ya sabini. Mwaka 1976 maaskofu wa ukanda huu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji, na wazo lilikuwa zuri kwelikweli: parokia ni kubwa, padre ni mmoja au wawili, vigango viko mbali, basi familia chache za jirani zikutane wiki kwa wiki, zisome Neno, zijuane, zisaidiane. Na zinasaidiana. Usiku ule wa msiba waliokesha na sisi na kupika uji asubuhi ni akina mama wa jumuiya ile ile ambayo daftari lake lilitukataa. Hilo nalo nisiposema nitakuwa mnafiki.

Tatizo naliona hivi. Jumuiya ilianza kama familia, ikapewa kazi ya ofisi. Mwenyekiti wa jumuiya leo ni kama balozi wa nyumba kumi wa enzi zile: anakutambulisha, anakuandikia barua, na huyo huyo ndiye anayekukusanyia michango. Ukiweka utambulisho na makusanyo kwenye mkono mmoja, usishangae barua inaanza kuwa na bei. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuuze mazishi. Parokia inapanga lengo, lengo linagawanywa kwa kanda, kanda zinagawa kwa jumuiya, na mwenyekiti anayesomwa mbele za watu kwamba jumuiya yake imeshika mkia atatafuta pa kukaba. Pa kukaba ni pale mtu anapokuja na shida, yaani ubatizo, ndoa na msiba. Siku nyingine huna cha kumfanya mtu asiyelipa zaka. Siku ya jeneza unacho.

Na barua yenyewe siyo kosa, tuwe wakweli. Padre hawezi kumjua kila mtu. Kabla ya kufungisha ndoa lazima ajue kama bwana harusi hana mke mwingine Tabora. Kabla ya ubatizo lazima awe na matumaini ya msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani, kanuni ya 868 inasema hivyo. Wakiuliza unasali wapi na nani anakujua, wana haki. Kinachokosa msingi ni kugeuza barua ya utambulisho kuwa risiti.

Tena usije ukasema hii ni sheria ya Wazungu isiyojua hali yetu. Kanuni ya 848 inasema wazi: mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na siku zote aangalie maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Sadaka hizo hupangwa na maaskofu wa eneo la kanisa husika, siyo na kamati ya ujenzi. Papa Francis alilipigia kelele hili akiwa hai. Novemba 2014, kwenye misa yake ya asubuhi, alilalamikia makanisa yenye orodha ya bei ukutani, ubatizo kiasi gani, baraka kiasi gani. Machi 2018 akarudia mbele ya mahujaji kwamba misa hailipiwi, anayetaka kutoa sadaka atoe, lakini misa hailipiwi. Julai 2020 Vatikani ikatoa maelekezo marefu kuhusu parokia, nayo yakasema sadaka ya misa isionekane kama bei au ushuru.

Halafu likaja la mwaka 2025, ambalo naona halikuzungumzwa sana huku kwetu wakati linatuhusu moja kwa moja. Mnazijua nia za misa. Asubuhi misa ya kwanza, anasimama msomaji na karatasi: kumwombea marehemu fulani, familia ya fulani wanashukuru, fulani anaombea mtihani, majina kumi na tano, ishirini, kila moja na bahasha yake. Kawaida ya sheria ni kwamba sadaka moja ni misa moja. Mwaka 1991 Vatikani iliruhusu nia nyingi kuchanganywa kwenye misa moja, ila isizidi mara mbili kwa wiki kwa kanisa moja, na watoaji wajue na wakubali. Amri mpya imeanza kutumika tarehe 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka yenyewe, siku moja kabla Papa Francis hajafariki. Imewapa maaskofu wa kila eneo nafasi ya kuamua utaratibu, lakini watoaji lazima waambiwe na wakubali kwa hiari yao, na padre anabaki na kiasi cha sadaka moja tu kwa misa hiyo, zinazozidi zinakwenda kule zilikopangiwa na sheria. Na imesema jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila ofisi ya parokia: kutaja tu jina la marehemu ndani ya misa siyo sawa na misa kutolewa kwa nia yake, na kuomba hela kwa ajili ya kutajwa jina tu ni kosa zito. Imewahimiza pia mapadre waendelee kuwaadhimishia maskini misa hata wasipotoa kitu.

Kwa hiyo bibi yako akitoa bahasha ana haki ya kuuliza, tena kwa adabu: Padre, hii ni misa ya marehemu wangu, au anatajwa tu na wenzake? Kuuliza hivyo siyo utovu wa heshima.

Sasa kuna upande ambao sisi vijana hupenda kuuchanganya, na naona tunawaonea wenyeviti. Kuna mambo yanayozuia sakramenti ambayo hayana uhusiano wowote na hela. Mshikaji wangu mmoja anaishi na mama watoto wake mwaka wa sita, hawajafunga ndoa, na analalamika kwamba kanisa linamnyima komunyo kwa kuwa hana hela ya harusi. Nilimwambia kaka, hapo umepotea. Unanyimwa kwa sababu unaishi kinyumba bila ndoa, na mafundisho ya kanisa juu ya hilo hayajabadilika. Ila ndoa ya kanisani haihitaji ukumbi, suti wala keki. Inahitaji ninyi wawili msio na kizuizi, padre au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Basi. Kuna parokia hukusanya wanandoa kumi, ishirini, waliokaa pamoja muda mrefu, wakafungishwa siku moja, wakanywa soda wakarudi nyumbani. Kinachomfunga jamaa yangu ni kamati ya harusi na wakwe wanaosubiri mahari imaliziwe. Hayo ni yetu wenyewe, tusimbebeshe paroko.

Na watoto wa watu kama hao wanabatizwa? Ndiyo. Sheria inaangalia ridhaa ya angalau mzazi mmoja na matumaini ya malezi, haisemi mtoto alipe deni la ndoa ya wazazi. Januari 2014 Papa Francis alimbatiza ndani ya kanisa dogo la Sistina mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Desemba 2023 ofisi ya mafundisho ya imani ya Vatikani ilimjibu askofu mmoja kuhusu akina mama wanaolea watoto peke yao. Jibu likawa kwamba kuzaa nje ya ndoa peke yake siyo sababu ya kumweka mama mbali na komunyo. Akishatubu anapokea kama mwingine yeyote. Naandika hili kwa ajili ya dada zetu wanaokaa benchi la nyuma mwaka wa kumi huku aliyewapa mimba anapanda kupokea kila Jumapili bila kuulizwa.

Turudi kwenye hela, maana najua kuna mtu ataniuliza: sasa parokia ijiendeshe na nini, upepo? Swali zuri. Wamisionari walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuja na misaada ya kwao, na kwa miaka mingi bati, saruji na pikipiki vilitoka Ulaya. Siku hizi huwezi kutegemea hivyo. Mafuta ya gari la parokia, umeme, posho ya katekista anayetembea vigango vitatu kwa baiskeli, vyote vinatoka kwetu. Sheria yenyewe, kanuni ya 222, inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya kanisa. Kwa hiyo binti wa mama mkubwa, dada yangu huyo, alikuwa na wajibu na hakuutimiza. Nimemwambia uso kwa uso, akanuna, yakaisha.

Ila wajibu una njia zake za kudaiwa. Mnada wa Jumapili nje ya kanisa naupenda, kuku wa elfu kumi na tano anauzwa elfu themanini na watu wanacheka. Unatoa ukiwa na furaha, unarudi nyumbani na kuku. Huwezi kulinganisha na mtu kukusubiri hadi ufiwe. Na wajibu unakwenda pande zote mbili. Kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha, kanuni ya 537, na wasimamizi wanatakiwa kuwapa waamini hesabu ya mali walizotoa, kanuni ya 1287. Ziko parokia zinazosoma mapato na matumizi mpaka senti, na huko hutasikia sana manung'uniko. Ukikuta pahali majina ya wasiolipa yanasomwa kila mwezi lakini matumizi hayasomwi mwaka mzima, hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapozaliwa.

Miezi minne baada ya mazishi nilimfuata paroko. Nilikwenda nikitetemeka, nimeprinti kurasa zangu za kanuni kama mwanasheria wa kujitegemea. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili ni kiasi gani tulilipa. Akasema yeye hakuwahi kuagiza deni la marehemu lidaiwe, na kwamba kama tungempigia simu moja kwa moja angekuja. Nikamwambia, Padre, sisi hatukuwa na namba yako, tulikuwa na mwenyekiti tu. Akakaa kimya kidogo.

Namwamini kwamba hakujua. Lakini naona hapo ndipo penyewe hasa. Sheria ya juu inasema kitu kimoja, paroko anaamini hivyo hivyo, na bado chini mtaani jeneza linasubiri elfu sitini na tano. Hakuna mkubwa aliyeamuru, na hakuna mkubwa aliyekataza kwa sauti ya kusikika. Tangazo la sentensi moja baada ya komunyo lingetosha: barua ya msiba haina deni.

Kwa hiyo kama yamekukuta au yatakukuta, nakupa nilichojifunza kwa gharama. Mgonjwa akihamia kwako, mjulishe mwenyekiti wiki ile ile na omba padre aje na mpako wa wagonjwa na komunyo, usingoje azidiwe. Weka namba ya paroko mwenyewe kwenye simu. Ukikwamishwa kwa deni, usigombane na mwenyekiti msibani, nenda nyumba ya mapadre ukamwone paroko. Akikataa na yeye, jimbo lina ofisi, na kanuni ya 212 inakupa haki ya kuwaeleza wachungaji shida zako. Na zaka lipa, kidogo kidogo, hata buku. Siyo kwa kununua jeneza, ni ili katekista apate tairi.

Hela yetu haikurudishwa, na hatukuiomba. Tangazo nalo bado, Jumapili iliyopita nilikaa mpaka mwisho wa matangazo nikisikiliza. Yalisomwa ya mafundisho ya kipaimara, ndoa tatu zinazotarajiwa, na jumuiya zilizoshika mkia kwenye ujenzi.

Kwenu wanafanyaje? Andika hapo chini, ila majina ya mapadre na wenyeviti tuyaache, nitayafuta.